UZI: Mwezi mmoja wa duka la khanga, kutoka risiti hadi mizania (kwa wanaoanza uhasibu)

Mzee wa Leja

Wakuu, salaam.

Kwa miaka kadhaa sasa nakaa jioni na vijana wanaoanza uhasibu. Wengine wako kidato cha tatu, wengine wako chuoni ngazi ya cheti. Kuna jambo linajirudia kila mwaka na linaniuma. Kijana anakariri kanuni zote za debiti na krediti, mtihani anafaulu, lakini ukimkabidhi daftari la duka la kweli anakwama mstari wa kwanza. Sekondari tunafundishwa kwa Kiingereza na tunakariri kwa Kiingereza, wakati biashara yenyewe hapa kwetu inafanyika kwa Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo naomba uzi huu tuuendeshe kwa Kiswahili. Tutachukua duka moja dogo, twende nalo mwezi mzima. Mwenye swali aulize hapohapo.

Duka letu ni la kubuni: mama mmoja Morogoro amekodi fremu, anauza khanga. Tarakimu nimezitunga makusudi ziwe ndogo ili kila mtu aweze kuzifuata kwa peni na karatasi.

Kabla ya daftari lolote, kuna karatasi. Risiti, ankara, stakabadhi ya benki, ujumbe wa malipo ya simu, hata kipande cha daftari chenye sahihi ya aliyekopa. Kila utakachoandika lazima kiwe na karatasi nyuma yake, na karatasi iwe na namba ili ukiulizwa miezi sita baadaye uifikie. Nilijifunza hili kwa shida. Nilianza kazi kama karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri alikuwa mtu mwaminifu sana, risiti zote za manunuzi alizichoma kwenye msumari ukutani, karibu na dirisha. Risiti za mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, huchapwa kwa joto, hazina wino. Jua la mchana lilizipiga miezi minane. Tulipozishusha kufunga mwaka, za chini zilisomeka vizuri, za juu zilikuwa nyeupe pe. Siku nne nzima nilikuwa nawapigia simu wauzaji wa jumla kuomba nakala, na baadhi hawakuwa nazo. Tangu hapo risiti ya EFD naitolea kopi siku ileile, au naipiga picha na kuihifadhi kwa tarehe. Tena Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka isiyopungua 5, na risiti hizo haziwezi kufika huko zenyewe.

Haya, mwezi wa mama huyu ndio huu:

Tarehe 1: ameanza na 2,000,000 zake. 1,500,000 ameweka benki, 500,000 ziko kwenye droo.
Tarehe 2: amelipa pango la fremu la mwezi huu, 150,000 taslimu.
Tarehe 3: amenunua khanga doti 60 kwa 12,000 kila doti, jumla 720,000, amelipa kwa benki.
Tarehe 5: amechukua doti 40 kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla, bei ileile, 480,000.
Tarehe 6: amenunua kabati la vioo, 300,000 kwa benki.
Tarehe 10: ameuza doti 35 kwa 16,000, jumla 560,000 taslimu.
Tarehe 14: kikundi cha akina mama wenye harusi kimechukua doti 20 kwa 15,500, jumla 310,000, kwa mkopo.
Tarehe 18: kikundi kimeleta 200,000 taslimu.
Tarehe 20: amemlipa muuzaji wa jumla 300,000 kwa benki.
Tarehe 24: ametoa 60,000 kwenye droo, ada ya mtoto.
Tarehe 27: ameuza doti 15 kwa 16,000, jumla 240,000 taslimu.
Tarehe 30: amemlipa msaidizi wa dukani 120,000 taslimu.
Tarehe 30 jioni: amepeleka benki 600,000 kutoka kwenye droo.

Hii orodha, kwa mpangilio wa tarehe, ndiyo kazi ya daftari la awali. Vitabu vingi huligawa: la mauzo ya mkopo, la manunuzi ya mkopo, la fedha, na jarida kuu la yale yasiyo na kwao. Kwa duka hili daftari moja linatosha. Naandika tarehe, nini kimetokea, kiasi, na namba ya karatasi. Basi.

Nitarudi na leja, daftari ambalo kila kitu (fedha, benki, mauzo) kina ukurasa wake, yaani akaunti, baada ya swala ya isha.

Binti Kihonda

Shikamoo mwalimu. Uzi huu nimeusubiri muda mrefu. Swali langu ni la aibu kidogo lakini nauliza: hivi debiti maana yake ni nini hasa? Darasani tunaambiwa "kinachoingia debiti, kinachotoka krediti". Kwenye fedha naelewa. Kwenye mshahara, kitu gani kimeingia? Na kwenye mauzo, mbona khanga zinatoka na pesa inaingia na bado mauzo yanaandikwa krediti?

Mzee wa Leja

Marahaba binti yangu. Swali hilo halina aibu, ndilo lango lenyewe.

Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti. Krediti ni upande wa kulia. Hakuna maana nyingine unayopaswa kuibeba kichwani unapoanza. Debiti haina maana ya hasara, wala krediti haina maana ya sifa nzuri.

Sasa chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kile biashara ilichonacho: mali. Kulia andika kimetoka kwa nani: cha mwenyewe ni mtaji, cha watu ni madeni. Pande hizi mbili ni sawa wakati wote, kwa sababu ni kitu kilekile kinachotazamwa mara mbili. Tarehe 1 mama ana 2,000,000 kushoto (benki na droo) na mtaji wa 2,000,000 kulia. Tarehe 5 khanga za 480,000 zimeongezeka kushoto, na deni la 480,000 limeongezeka kulia.

Kutoka hapo kanuni inajitokeza yenyewe. Akaunti za mali hukua kushoto. Akaunti za mtaji na madeni hukua kulia. Mapato humwongezea mwenye duka mtaji wake, kwa hiyo nayo hukaa kulia. Hapo ndipo mauzo yanapopata krediti yake. Gharama hupunguza mtaji, kwa hiyo hukaa kushoto. Mshahara wa 120,000 haujaleta kitu cha kushika mkononi, ila umemega haki ya mama katika duka, ndiyo maana ni debiti. Hela anayochukua mwenyewe, kama ile ada, inamega mtaji vilevile na inakaa kushoto, lakini kwenye akaunti yake peke yake, matumizi binafsi. Usiichanganye na gharama za duka hata siku moja.

Ukikwama, jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu: ni akaunti zipi mbili zimeguswa? Kila moja imekua au imepungua? Debiti na krediti zije mwisho.

Mpwani

Hapo umenena, mkuu. Niko Mombasa, na nikiongezea kidogo: mfumo huu wa pande mbili ni wa wafanyabiashara wenyewe, haukubuniwa na serikali wala vyuo. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hesabu, aliuchapisha Venisi mwaka 1494, na alieleza waziwazi kwamba anaandika jinsi wafanyabiashara wa Venisi walivyokuwa wakifanya tayari. Alitaja vitabu vitatu: cha kumbukumbu za papo hapo, jarida, na leja. Ukitazama, ni njia ileile ambayo Mzee anatupitisha.

Swali langu ni la benki. Nikiweka pesa, kwenye daftari langu benki ni debiti kwa sababu mali yangu imeongezeka. Lakini taarifa ya benki inanionyesha krediti. Nani amekosea?

Mzee wa Leja

Hakuna aliyekosea, ndugu yangu. Ile karatasi ni ukurasa wa leja ya benki. Wewe kwa benki ni mtu anayeidai. Ukiweka 600,000, deni la benki kwako limekua, na madeni hukua kulia. Kwako ni mali, kwao ni dhima, yaani deni. Ukilishika hili, usuluhishi wa benki utakuwa mwepesi: unachukua kurasa mbili za jambo moja, yako na yao, unaweka tiki kila mstari unaokutana na mwenzake, halafu unashughulika na isiyo na tiki tu. Mara nyingi ni makato ya benki ambayo hukuwa na habari nayo, au malipo uliyoandika wewe ambayo benki haijayapitisha. Makato unayaandika kwenye daftari lako. Malipo ambayo hayajapita unayasubiri, huyagusi.

Sasa leja. Kila akaunti inapewa ukurasa wake. Nachukua droo, yaani fedha taslimu.

Kushoto: mtaji 500,000, mauzo 560,000, kikundi cha akina mama 200,000, mauzo 240,000. Jumla 1,500,000.
Kulia: pango 150,000, matumizi binafsi 60,000, mshahara 120,000, benki 600,000. Jumla 930,000.
Salio: 570,000, upande wa kushoto.

Tazama nilivyoandika: kwenye ukurasa wa fedha siandiki neno "fedha", naandika jina la akaunti ya pili. Pango la 150,000 liko kulia kwenye fedha, na ukienda ukurasa wa pango utaikuta 150,000 ileile kushoto, imeandikwa "fedha". Kila mstari una pacha wake mahali pengine. Mwanafunzi akijizoeza kuandika pacha kabla hajasogea mstari unaofuata, nusu ya makosa inakwisha hapohapo. Wengi huandika upande mmoja wa mwezi mzima kwanza, halafu wanarudi kuandika upande wa pili. Hapo ndipo mistari inaporukwa.

Fanyeni akaunti zilizobaki, halafu mtoe urari: orodha ya masalio yote, ya kushoto safu moja na ya kulia safu nyingine. Safu zinapaswa kulingana. Sitaki kuwapa jibu bado.

Wakala wa Kona

Mimi sijasoma uhasibu, ni wakala wa pesa kwa simu. Mambo ya pande mbili nayaona kila siku ila sikujua yana jina. Mteja akiweka 50,000, noti inaingia droo, floti, yaani salio langu la kazi, inapungua kwenye simu. Akitoa, kinyume chake. Shida yangu ni kwamba jioni droo imejaa, natumia, kesho floti haitoshi. Hapo ninaandikaje?

Mzee wa Leja

Kaka, wewe una mfano safi kuliko khanga zangu. Fedha taslimu ni mali yako, floti ni mali yako. Mteja akiweka 50,000: debiti taslimu 50,000, krediti floti 50,000. Mali imehama mfuko, jumla haijabadilika hata shilingi. Hujauza kitu. Pato lako ni kamisheni peke yake, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye mapato.

Droo iliyojaa jioni ni floti iliyobadilika sura. Ukila 30,000 kutoka humo, umekula mtaji wako, na inatakiwa iandikwe matumizi binafsi 30,000 siku hiyohiyo. Kila jioni jumlisha taslimu na floti. Jumla hiyo inapaswa iwe ya jana, ukijumlisha kamisheni iliyoingia, ukitoa ulichochukua. Ikikataa, tafuta usiku huohuo wakati miamala ya siku bado unaikumbuka.

Binti Kihonda

Mwalimu nimefanya akaunti zote, nimerudia mara mbili, urari umekataa. Tofauti ni 120,000. Nimeona mshahara ni 120,000 kwa hiyo nikadhani nimeuruka, lakini nimeangalia upo, kote kuwili. Nimekaa nao tangu saa mbili.

Mzee wa Leja

Usifute chochote. Nitajie jumla ya kila safu kwanza.

Binti Kihonda

Kushoto 3,230,000. Kulia 3,350,000.

Mzee wa Leja

Vizuri. Kuna mpangilio wa kutafuta kosa, na si kurudia kazi nzima. Kwanza jumlisha safu upya, kutoka chini kwenda juu, maana ukijumlisha kwa njia ileile jicho hurudia kosa lilelile. Pili, tafuta kiasi cha tofauti yenyewe, hapa 120,000, kama kuna salio limeachwa. Hilo umeshafanya. Tatu, gawa tofauti kwa mbili: 60,000. Tafuta 60,000 iliyokaa upande usio wake, kwa sababu ikihama upande mmoja kwenda mwingine, tofauti inakuwa mara mbili yake. Nne, jaribu kugawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda umegeuza tarakimu: ukiandika 870,000 badala ya 780,000 tofauti ni 90,000, na 90,000 kwa 9 ni 10,000 kamili. Yako ya 120,000 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo hilo tuliache.

Tafuta 60,000.

Binti Kihonda

Nimeipata!! Ni ile ada ya mtoto. Salio la matumizi binafsi niliweka kulia. Nilifikiri kwa vile ni mambo ya mwenye duka inakaa upande wa mtaji.

Sasa kushoto: fedha 570,000, benki 780,000, wadaiwa (kikundi) 110,000, kabati 300,000, manunuzi 1,200,000, pango 150,000, mshahara 120,000, matumizi binafsi 60,000. Jumla 3,290,000.
Kulia: mtaji 2,000,000, wadai (muuzaji wa jumla) 180,000, mauzo 1,110,000. Jumla 3,290,000.

Zimelingana. Kumbe raha yake ndiyo hii.

Mzee wa Leja

Hongera sana, binti. Na kosa lako lina mantiki: matumizi binafsi yanahusu mtaji kweli, ila yanaupunguza, ndiyo maana yanakaa mkono wa pili.

Mpwani

Mkuu, swali la uchokozi mwema. Siku hizi kuna Excel na programu za hesabu kwenye simu. Urari unajilinganisha wenyewe. Hawa vijana tunawachosha na karatasi kwa nini?

Mzee wa Leja

Ndugu yangu, programu natumia pia, na sitaki kijana amalize chuo bila kuijua. Lakini angalia kabati la tarehe 6. Tuseme mtu ameliandika kwenye manunuzi pamoja na khanga. Debiti 300,000 ipo, krediti 300,000 ipo, urari unalingana kabisa, kwenye karatasi na kwenye programu. Na hesabu ni ya uongo: duka litaonekana limepata hasara kubwa mwezi huu, na kabati halitaonekana popote. Vivyo hivyo ukisahau muamala mzima pande zote mbili, au ukiandika deni la mteja mmoja kwa mteja mwingine, au ukiandika 48,000 kote kuwili badala ya 480,000. Urari hautasema kitu. Unachothibitisha ni kwamba kila debiti imepata krediti yake, na hapo unaishia. Kujua kabati si bidhaa ya kuuza ni kazi ya kichwa chako. Nawaanzishia karatasi ili wazoee kujiuliza kabla ya kubonyeza.

Sasa tufike pale ninapopapenda zaidi. Naomba kila mtu akisie kabla ya kusoma: mama huyu mwisho wa mwezi ana 570,000 kwenye droo na 780,000 benki. Jumla 1,350,000. Je, amepata faida?

Wakala wa Kona

Kwa mtaji wa milioni mbili, na mzigo umebaki dukani, na kikundi kinadaiwa 110,000, naona kapata. Faida si chini ya laki.

Mama Fremu

Mimi nina duka la khanga na madera, nimekuwa nasoma kimyakimya. Nasema amepata. Doti anaweka juu elfu nne. Ameuza doti 70.

Mzee wa Leja

Dada, umeanza vizuri sana kwa kuzihesabu doti. Tuendelee hapohapo.

Alinunua doti 100, ameuza 70, zimebaki 30. Hapa ndipo mtu anafunga mlango, anapanda kwenye stuli na kuzihesabu kwa mkono, haangalii daftari. Thelathini kwa 12,000 ni 360,000. Unatumia bei ya kununulia, usitumie ya kuuzia, kwa sababu faida ya khanga ambayo haijauzwa bado haijapatikana.

Mauzo 1,110,000.
Manunuzi 1,200,000, toa mzigo uliobaki 360,000: gharama ya mzigo uliouzwa ni 840,000.
Faida ghafi 270,000.

Toa pango 150,000, toa mshahara 120,000. Inabaki sifuri.

Bado kabati. Tuseme litadumu miaka 5, yaani miezi 60, na mwisho wake halitauzika. 300,000 gawa kwa 60 ni 5,000 kwa mwezi. Huo ni uchakavu, na ni gharama ya mwezi huu ingawa hakuna noti iliyotoka kwenye droo.

Hasara 5,000.

Mama ana milioni na laki tatu na nusu mkononi, na duka limepata hasara. Sehemu kubwa ya hela ile ni mtaji wake mwenyewe ambao haujarudi kwenye mzigo, na 180,000 humo ni za muuzaji wa jumla. Ile 60,000 aliyolipia ada aliihesabu kama faida ya mwezi, na hapakuwa na faida ya kuchukua.

Mizania yake, yaani orodha ya mali na vyanzo vyake, tarehe 30:

Mali: kabati 295,000 (limeshatolewa uchakavu), mzigo 360,000, wadaiwa 110,000, benki 780,000, fedha 570,000. Jumla 2,115,000.

Vyanzo: mtaji wa kuanzia 2,000,000, toa hasara 5,000, toa matumizi binafsi 60,000, unabaki 1,935,000. Wadai 180,000. Jumla 2,115,000.

Mwezi wa pili unaanza na masalio haya: kila akaunti ya mizania inafunguliwa na salio lake. Mauzo, manunuzi, pango na mshahara zinaanza upya kwenye sifuri, kwa sababu habari zao zimeshamalizikia kwenye mtaji.

Binti Kihonda

Mwalimu, kwa hiyo asipokuwa na vitabu hawezi kujua?

Mzee wa Leja

Atajua, lakini kwa kuchelewa. Atajua siku muuzaji wa jumla anadai na droo haina kitu. Akiwa na vitabu anaona mwezi wa kwanza kwamba doti 70 zinalipa pango na mshahara tu. Pango na mshahara ni 270,000, ongeza uchakavu 5,000, ni 275,000. Kwa faida ya 4,000 kwa doti anahitaji kuuza takriban doti 69 bila punguzo lolote ili asipate hasara. Aliwapunguzia akina mama 500 kwa doti 20, sawa na 10,000. Kama asingepunguza, mwezi ungefungwa na faida ya 5,000. Sisemi asiwapunguzie, wateja wa harusi wanaleta wenzao. Nasema ajue bei ya punguzo lake.

Mpwani

Hapo nimekaa kimya nimetafakari. Na kwa aliyesajiliwa kodi ya ongezeko la thamani?

Mzee wa Leja

Kwa ufupi, maana hilo linataka uzi wake. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni 18%, kwenu Kenya 16%. Ukiuza kwa 118,000 kodi ikiwa ndani, mauzo yako ni 100,000. Zile 18,000 ni deni lako kwa mamlaka ya mapato, zinakaa kulia pamoja na madeni. Kodi uliyolipa kwenye manunuzi yanayoruhusiwa inakaa kushoto kwenye akaunti hiyohiyo, na salio ndilo unalopeleka. Anayeandika 118,000 yote kama mauzo anajipa pato ambalo si lake.

Mama Fremu

Mzee, jana usiku baada ya kusoma hapa nilifunga fremu mapema, nikahesabu mzigo wote kwa mkono na msaidizi wangu, mara mbili. Kwa daftari la manunuzi na mauzo zilitakiwa kubaki doti 46. Nimepata 43. Doti tatu hazionekani. Nilinunua kwa 13,000 kila moja. Naziandika wapi?

Mzee wa Leja

Umefanya jambo kubwa dada. Usiandike bado, kwanza kumbuka. Doti uliyochukua kwa matumizi ya nyumbani au zawadi: debiti matumizi binafsi 13,000, krediti manunuzi 13,000, kwa bei ya kununulia. Doti uliyouza ukasahau kuandika, tafuta hela yake kwenye droo, au jina la aliyekopa, kisha uandike mauzo kama kawaida. Doti ambayo haipatikani kabisa haihitaji mstari wake kwa sasa: ukithaminisha mzigo uliobaki kwa doti 43 badala ya 46, gharama ya mzigo inapanda yenyewe na faida ghafi inashuka. Ila andika pembeni idadi na tarehe, ili mwezi ujao ukihesabu uone kama inajirudia.

Mama Fremu

Moja nimekumbuka, nilimpa wifi kwenye arobaini ya mtoto wake. Nimeiandika matumizi binafsi. Mbili bado natafuta.